Pikipiki inayolala ndani ya parsele: namna ya kuilinda bila kuharibu ujirani

Katika vikao vyetu na familia za wahamishwa pamoja na zile zinazowapokea, swali moja limerudi mara nyingi kuliko tulivyotazamia. Siyo la mashamba wala la misaada. Watu wanauliza: "Tufanye nini ili pikipiki isiharibiwe usiku, hapo nyumbani inapolala?" Mwanzoni tulidhani kwamba jambo hilo ni la polisi na la mafundi, siyo letu sisi tunaoshughulika na amani. Tulibadili mawazo tulipoona jinsi kiti kimoja kilichochanwa kwa wembe kilivyokaribia kufukuzisha familia tatu katika kartie moja ya Butembo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana mmoja, baba wa watoto wawili, alikimbia kutoka kusini mwa teritwari ya Lubero mwaka 2024, wakati vita vilipofika Kanyabayonga. Alikuja na pikipiki yake, na juu yake mke, watoto, sufuria mbili na godoro. Papa mmoja akampa chumba ndani ya parsele yake, pamoja na familia mbili nyingine zilizotoka pande hizo hizo. Kijana akaanza kubeba abiria. Baada ya miezi michache, asubuhi moja akakuta kiti kimechanwa, kioo cha kando kimevunjwa na waya wa bujie umekatwa. Hakuna kilichoibwa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu mwizi anaweza kutoka popote, lakini anayeharibu bila kuchukua kitu anaonekana kama ana ujumbe. Kijana aliuelewa ujumbe huo hivi: "Ninyi hamtakiwi hapa." Kabla ya saa sita mchana, vijana zaidi ya kumi wa upande wake walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa mtoto wa mwenye parsele, wakisema ni yeye.

Tutarudi kwenye kisa hicho. Kwanza tueleze kwa nini jambo linaloonekana dogo linawasha moto mkubwa.

Pikipiki kwa mhamishwa mara nyingi ndiyo kitu pekee cha thamani alichotoka nacho kwao. Pengine hata siyo yake: anaiendesha kwa mtu mwingine, na kila jioni lazima apeleke kiasi cha pesa walichopatana na mwenye mali. Ikilala siku mbili kwa fundi, deni linapanda, na siku ya tatu watoto wanalala njaa. Kwa hiyo anayekata waya wa bujie amekata chakula cha nyumba nzima.

Lakini tumsikilize na mwenyeji. Yeye alifungua mlango kwa moyo mwema, akidhani ni kwa wiki mbili, na sasa ni mwaka. Saa kumi za alfajiri injini inaunguruma chini ya dirisha lake. Oili inadondoka mahali watoto wanapochezea. Gurudumu limepita juu ya maharagi ya mama mara mbili, na hakuna aliyeomba msamaha. Mwenyeji hasemi, maana anaogopa kuitwa mtu asiye na huruma. Kutosema huko, kwa mawazo yetu, ni hatari kuliko kusema. Si kwamba mwenyeji ndiye anayeharibu. Mara nyingi siye. Lakini kero inayojulikana na kartie nzima inamfunika mharibifu wa kweli, kwa sababu kila mtu ana mtu wa kumshuku tayari.

Basi, ulinzi wa kwanza ni mapatano kabla pikipiki haijalala usiku wa kwanza. Familia inayopokea na familia inayopokelewa zikae pamoja na chefu wa nyumba kumi, hata kwa dakika thelathini tu, zikubaliane pikipiki italala wapi, itawashwa wapi, nani ana ufunguo wa lango, na nani atafungua ikiwa dereva amechelewa. Tunawashauri madereva wote waisukume pikipiki hadi barabarani kabla ya kuiwasha. Ni hatua ishirini au thelathini, na tumeona zikituliza parsele kuliko mikutano yetu mingine mirefu.

Sasa tuje kwenye mahali penyewe. Wengi wanaificha pikipiki nyuma ya nyumba, karibu na choo, wakidhani kisichoonekana hakiguswi. Kwa mwizi anayepita njiani hiyo inasaidia kidogo. Kwa mtu anayetaka kuharibu ni zawadi, kwa sababu anapata giza na nafasi ya kufanya kazi yake bila haraka. Ni heri pikipiki ilale mahali ambapo watu wanaolala ndani wanaweza kusikia, chini ya dirisha au karibu na mlango, ukutani, huku upande mmoja ukizuiwa na ukuta wenyewe. Taa ndogo ya jua iliyochajiwa mchana inatosha kuondoa giza. Kama hakuna taa, kamba nyembamba yenye makopo matupu yaliyofungwa pamoja, ikizungushwa kwenye pikipiki, inaamsha watu vizuri. Wazee wetu walilinda hivyo mashamba dhidi ya ndege na nyani. Si aibu kuifanya nyumbani.

Kufunga usukani peke yake hakutoshi. Nunueni mnyororo mnene na kufuli nzuri, ile tunayoiita kadena, na mnyororo upite katika gurudumu la nyuma na katika chasi, kisha uzunguke nguzo iliyochimbiwa ardhini au mti. Ukifunga gurudumu la mbele tu, mtu anaweza kulifungua gurudumu hilo na kuondoka na mengine yote. Mnyororo usilale chini, kwa sababu ukiwa juu ya jiwe ni rahisi kuupiga nyundo ukakatika. Tundu la kufuli litazame chini, ili mvua isiingie na mtu asipate nafasi nzuri ya kuingiza chuma.

Kufunika pia kunasaidia. Shitingi ya zamani, hata iliyotoboka, inamfanya mharibifu apoteze muda na kupiga kelele akiifunua, na inakinga kiti na jua. Subirini tu ekzosi ipoe kabisa kwanza. Tumeona shitingi iliyoyeyuka na kushikamana na chuma kama ngozi.

Hapa tuseme jambo ambalo linatutia hofu kuliko wembe. Baada ya uharibifu, familia nyingi zinaamua kuingiza pikipiki ndani ya chumba wanamolala. Tunaelewa kwa nini. Lakini esansi inatoa mvuke hata kama hamwoni kitu kinachodondoka, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini sakafuni hadi ukutane na moto wa babula au mshumaa. Chumba cha mbao chenye mlango mmoja kinaweza kuwaka kabla watoto hawajaamka. Ikiwa hakuna njia nyingine isipokuwa kuilaza ndani, ilale katika chumba ambamo hakuna anayelala wala anayepika, robine ya mafuta ifungwe, na msiiwashe kamwe ndani, hata kwa dakika moja ya kuipasha joto. Moshi wa injini una sumu isiyo na harufu, nayo inaua mtu aliyelala bila kumwamsha.

Watu wanauliza sana kuhusu sukari ndani ya tanki, kwa sababu hadithi hiyo imeenea: ati ukitiwa sukari, injini inakufa siku hiyo hiyo. Ukweli ni kwamba sukari haiyeyuki katika esansi. Inakaa chini ya tanki na inaweza kuziba chujio na kabureta, jambo ambalo fundi analisafisha. Mchanga na maji vinasumbua zaidi, na mchanga ukifika ndani ya injini unasaga vyuma. Mkishuku kitu, msiwashe. Fungueni robine, mimineni esansi kidogo ndani ya chupa nyeupe, muiache itulie. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo yatakaa chini nanyi mtauona mstari kati yao. Kifuniko cha tanki chenye ufunguo kinaondoa sehemu kubwa ya mashaka hayo.

Na kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, dereva azunguke pikipiki yake. Kiti kilichochanwa kinaonekana. Waya wa breki uliokatwa nusu hauonekani, nao unakatika pale mnaposhuka mlima na mama mjamzito nyuma. Abonyeze breki zote mbili huku akiisukuma, apitishe vidole kwenye waya wa breki na wa ambreyaji, atikise magurudumu kuona kama karanga zimelegezwa, atazame cheni, upepo, na ardhi chini ya injini kama kuna umajimaji mpya. Ni kazi ya dakika tano.

Tunawaomba pia mwandike namba ya chasi na namba ya injini kwenye daftari, na nakala ibaki kwa mtu mwingine mnayemwamini. Wahamishwa wengi waliacha karatasi nyuma, na pikipiki isiyo na karatasi inapoharibiwa au kuibwa, mwenyewe anaogopa hata kwenda kulalamika. Yule asiye na karatasi aende mapema kwa chefu wa kartie akiwa na mashahidi wanaoifahamu pikipiki tangu kwao. Siyo hati ya umiliki, lakini ni mwanzo.

Sasa viongozi, neno hili ni lenu zaidi. Pikipiki ikikutwa imeharibiwa, saa za kwanza ndizo zinazoamua mengine yote. Msiruhusu kundi kwenda kwenye mlango wa mtu. Iacheni pikipiki kama ilivyo, ipigwe picha kama kuna simu, muiteni chefu wa nyumba kumi na mtu mmoja kutoka kila upande watazame pamoja, na waandike walichoona, siyo walichodhani. Kuharibu mali ya mwingine kwa kusudi ni kosa mbele ya sheria ya Kongo, na njia yake ni polisi na mahakama. Chefu wa avenyu anaweza kusikiliza na kupatanisha; hana ruhusa ya kumfungia mtu chumbani wala kumpiga fimbo. Wale wanaomchoma au kumpiga mshukiwa hadi kufa wametenda kosa kubwa mara mia kuliko la kiti. Na tafadhali, msipeleke jambo kwa mganga ili ataje jina. Jina litakalotajwa litakuwa la yule ambaye kartie ilikuwa haimpendi tangu zamani, mara nyingi mjane au mgeni.

Turudi Butembo. Siku ile chefu wa nyumba kumi, mama mmoja mwenye sauti ndogo na msimamo mgumu, alisimama kati ya vijana na mlango. Akamwambia kijana: "Mwanangu, nimeona hasira yako, na una haki nayo. Sasa niambie umeona nini, siyo umewaza nini." Kijana hakuwa ameona kitu. Ilipoulizwa kwa utulivu, ikajulikana kwamba mtoto wa mwenye parsele hakulala nyumbani usiku ule. Alikuwa matangani kartie ya pili, na watu wengi walikesha naye. Kama wangemgusa saa nne asubuhi, wangemgusa asiye na kosa.

Katika kikao cha jioni mambo mengine yakatoka. Papa mwenye parsele alisema kwa mara ya kwanza kwamba mama yake mzee, mgonjwa wa kifua, huamshwa na moshi wa ile pikipiki kila alfajiri. Kijana akashangaa. Akasema, "Papa, mbona hamkuniambia? Nilifikiri bibi anaamka kusali." Watu wakacheka, hata yule mtoto aliyeshukiwa. Vijana waliokuwa wamesimama mlangoni waliomba msamaha kwake mbele ya wote, wengine kwa moyo, wengine, tuseme ukweli, kwa kuwa chefu alikuwa anawatazama.

Aliyechana kiti hakujulikana mpaka leo. Kuna wanaosema ni ugomvi wa abiria kwenye kituo, wengine wanasema ni vijana walevi waliopita. Malalamiko yaliandikwa kwa OPJ, na karatasi iko kwa chefu. Papa alinunua waya wa bujie. Wamotari wa kituo walichanga pesa ya kioo. Pikipiki sasa inalala chini ya dirisha la Papa mwenyewe, mnyororo ukizunguka mti wa parachichi, na kila alfajiri inasukumwa hadi barabarani kabla ya kuwashwa. Siku za matope, mtoto wa Papa ndiye anayesaidia kusukuma. Kiti kilishonwa kwa uzi mwekundu, kwa sababu fundi hakuwa na mweusi.