Maswali Ambayo Wenye Magari Huwauliza Mafundi

Wakulima wengi wa Njoro, Molo, Elburgon, Subukia na Bahati siku hizi wana magari yao wenyewe. Mmoja ana pikapu ya kupelekea viazi sokoni, mwingine ana gari dogo la kubebea mikebe ya maziwa. Gari ni chombo cha shamba kama jembe lilivyo. Lakini jembe likivunjika mpini, mtu huchonga mwingine akaendelea na kazi. Gari likiharibika njiani, maziwa huchacha, viazi hukosa mnunuzi, na pengine watu hupoteza maisha yao.

Mimi si fundi. Nilisomea ualimu, na kazi yangu ni ya karani katika ofisi ya kilimo. Lakini wakulima wajao ofisini huzungumza habari za magari karibu sawa na habari za mbegu, na mafundi wa Nakuru huniambia kwamba maswali waulizwayo ni yale yale kila siku. Basi nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake, ili msomaji aende gereji akijua la kuuliza.

1. Kwa nini maji ya rejeta huchemka nipandapo mlima?

Pwani maji huchemka kwenye joto la nyuzi 100. Kadiri tunavyopanda juu, hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Molo, karibu mita 2,500, ni nyuzi 92 hivi. Injini nayo hupenda kufanya kazi kwenye joto la karibu nyuzi 90. Mwaona jinsi nafasi ilivyo ndogo.

Kitu kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizuri hubana maji yasipumue, na kwa kubanwa huko maji hayachemki mpaka joto lizidi kwa nyuzi 20 hivi. Mpira wake ukichakaa, msaada huo wote hupotea. Kwa hiyo gari likichemka, kabla ya kukubali kazi ya gharama kubwa, mwombe fundi apime kifuniko, aangalie mipira ya maji, ukanda wa feni, na uso wa rejeta kama umezibwa na vumbi na majani.

Tena, usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Maji yaliyobanwa huruka mara yanapofunguliwa na kumchoma mtu uso na mikono. Zima injini, ngoja mpaka uweze kushika rejeta kwa mkono, ndipo ufungue.

2. Fundi asema aitoe themostati. Nikubali?

Usikubali upesi. Themostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ikiharibika hukwama imefungwa, na gari huchemka. Kuitoa kabisa huonekana kuwa dawa, lakini asubuhi za baridi za Molo na Mau Narok injini itakwenda muda mrefu bila kupata joto. Injini baridi hula mafuta mengi na kuchakaa mapema. Iliyoharibika itolewe, na nyingine iwekwe mahali pake.

3. Nibadilishe oili lini?

Fuata kitabu cha gari. Mafundi wengi husema kila kilomita 5,000 kwa oili ya kawaida, lakini gari linalobeba mzigo, kupita njia za vumbi na kwenda safari fupi fupi, oili yake huchoka upesi zaidi. Magari ya wakulima hufanya mambo hayo yote matatu. Pia badilisha chujio la oili wakati huo huo. Oili mpya katika chujio chafu ni kama maziwa masafi katika mkebe usiooshwa.

Oili ikigeuka nyeusi katika injini ya dizeli, hiyo si ajabu. Lakini ukichomoa kijiti cha kupimia ukaona oili ya rangi ya chai ya maziwa, jua maji yameingia, na mara nyingi ni gasketi ya kichwa cha injini iliyoungua. Usiendeshe gari hilo hata kidogo.

4. Moshi huu maana yake nini?

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Katika nchi yetu ya vumbi jepesi, tazama kwanza chujio la hewa. Huenda dawa yake ni kulibadilisha tu. Moshi wa buluu maana yake injini inachoma oili. Moshi mweupe asubuhi ya baridi, ukatoweka baada ya muda mfupi, ni mvuke tu. Lakini ukizidi kutoka hata injini ikiwa moto, na maji ya rejeta yanapungua, mwite fundi.

5. Breki zangu ni mpya. Mbona zilikataa mteremkoni?

Swali hili ndilo kubwa kuliko yote, na mwenye gari asiyelijua jibu lake huhatarisha watu wengi.

Breki husimamisha gari kwa kusugua, na kusugua huleta joto. Katika mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Mau Summit kupita Sachangwan mpaka Salgaa, dereva akanyagaye breki mfululizo huzipasha moto mpaka zishindwe kushika. Tena mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. Mafuta mapya ya namba 3 huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakisha kunywa unyevu yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga, mguu ukazama mpaka chini, na gari likaendelea kwenda. Ndiyo sababu breki zenye bitana mpya zaweza kukataa: bitana ni mpya, lakini mafuta ni ya zamani. Mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Wako madereva watoao gia wakaliacha gari literemke bure, wakidhani wanaokoa mafuta. Hili ni kosa kubwa. Gia ndogo huifanya injini ilizuie gari. Ukiitoa, uzito wote huachiwa breki peke yake. Na wale wazimao injini kabisa hufanya vibaya zaidi, kwa kuwa injini ndiyo isaidiayo mguu kukanyaga breki. Baada ya kukanyaga mara mbili tatu, breki huwa ngumu kama jiwe. Kanuni ni hii: punguza mwendo na utie gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, si katikati ya mteremko.

Mzigo nao una sehemu yake. Magunia 20 ya viazi ya kilo 50 ni tani moja kamili. Pikapu ya tani moja imekwisha jaa hapo. Ukiongeza magunia 10, umeongeza nusu ya mzigo, lakini breki ni zile zile.

Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction katika barabara ya Nakuru kwenda Kericho, lori lililomshinda dereva liliacha njia likaingia katika magari na watu waliokuwa wakiuza bidhaa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengine walikuwa wamekwenda kuuza kama sisi tuendavyo kuuza.

6. Nitajuaje umri wa tairi?

Tazama ubavuni, utaona namba nne. Kama ni 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri lakini yenye nyufa ubavuni ni ya kubadilishwa.

7. Nitajuaje kwamba fundi hanidanganyi?

Mwulize bei kabla ya kazi, nawe uiandike. Mwombe akurudishie kila kitu cha zamani alichokitoa, na akuonyeshe kilivyoharibika. Fundi mwaminifu hatachukia. Kisha uwe na daftari la gari, kama uwekavyo daftari la maziwa: tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa na fedha zilizotoka. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuonyesha kama gari lakulisha au wewe ndiwe ulilishaye.

Mwisho, kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, tazama maji, oili, mafuta ya breki na matairi. Kisha ukanyage breki kabla gari halijaondoka, uone kama mguu unazama. Kazi hiyo haifiki dakika 5. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na barabarani, huenda usipate nafasi ya kuujenga.