Krimu Inayoogopa Pete

Shirika la Afya Duniani limetoa dokezo ambalo mkazi wa Magunga, karibu na Ziwa Victoria nchini Kenya, anaweza kulitumia bila maabara wala shahada. Ukikuta krimu ya uso inayokuonya isigusane na dhahabu, fedha au vito vyako, shuku kwamba ndani yake mna zebaki. Mtu wa mbali atashangaa. Mafuta ya uso yaogope pete kwa nini?

Mtu wa Magunga hana haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Akiipa kisogo milima ya Gwassi na kushuka kusini kupitia Karungu, ataingia Nyatike, upande wa Migori, kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder na Osiri. Huko wachimbaji wadogo husaga mawe, wakayaosha, kisha wakatia zebaki, na wako wanaoikanda kwa mikono mitupu kama unga wa chapati. Zebaki huishika dhahabu, vikawa donge moja. Donge likichomwa, zebaki hupaa hewani na dhahabu ikabaki. Krimu yenye zebaki ingeishika pete yako vivyo hivyo. Mtengenezaji, kwa hiyo, ameihurumia pete. Kuhusu mashavu hakuandika neno.

Ninaanza na onyo hilo kwa sababu linaonyesha kazi hasa ya kujua viambato. Siku hizi elimu hiyo inauzwa kama njia ya kuongeza: seramu hii asubuhi, tona ile jioni, na kitu kingine cha kutuliza vurugu za hivyo viwili. Mimi naona faida yake kubwa iko upande wa kupunguza. Anayejua kilichomo kwenye kopo anajua la kurudisha kwenye rafu, na rafu za vipodozi, hata katika kituo kidogo cha biashara kando ya ziwa, zina mengi yanayostahili kurudishwa.

Ushahidi wa madhara hatukuuagiza ng'ambo. Mwaka 1972 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti wa madaktari wa Nairobi kuhusu watu wazima waliokuwa wamevimba miili kwa sababu figo zao zilikuwa zinavujisha protini. Madaktari walipowauliza wanachojipaka, zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye chumvi ya zebaki. Waliikusudia kwa uso, nayo ikapita kwenye ngozi na kwenda kuharibu figo. Baadhi yao walipata nafuu baada ya kuacha kujipaka. Ni mojawapo ya dawa chache duniani ambazo hazigharimu chochote, na pengine ndiyo maana hakuna anayeitangaza.

Zaidi ya nusu karne imepita tangu wakati huo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka ukomo wa mwaka 2020 kwa vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo, na mkutano wake wa Geneva wa mwaka 2023 ukaondoa hata kiwango hicho, ukitaka vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viishe kufikia 2025. Shirika la Viwango nchini Kenya, KEBS, limetangaza mara kadhaa orodha za krimu zilizopigwa marufuku kwa kuwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Orodha hizo zina kasoro moja tu: anayezisoma kwa makini kuliko wote ni yule anayebadilisha jina la krimu yake ili litoke kwenye orodha.

Haidrokwinoni na steroidi zinahitaji maelezo, kwa sababu hizi mbili zinaanza kwa kupendeza. Haidrokwinoni huzuia kimeng'enya ambacho seli za ngozi hukitumia kutengeneza melanini. Daktari anaweza kuiandika kwa muda mfupi na kwa kipimo maalum kutibu madoa. Ikitumiwa miaka, juani, kwa kipimo cha kubahatisha, huweza kuacha mabaka ya rangi ya bluu-nyeusi yasiyofutika kirahisi. Hali hiyo ilielezwa huko Afrika Kusini mwaka 1975, na nchi hiyo ikazipiga marufuku krimu hizo mnamo 1990. Waliokuwa wakiukimbia weusi walikutana nao mbele, ukiwa umevaa rangi ya bluu.

Steroidi kama klobetasoli ni dawa ya kweli ya ukurutu mkali na maradhi mengine ya ngozi. Hutuliza muwasho na wekundu haraka sana, na ngozi huonekana nyororo na nyeupe zaidi. Ndipo ngozi inapoanza kuwa nyembamba. Inapata michirizi, inachubuka kwa kuguswa, inaota chunusi na kukaribisha fangasi. Mtu akiacha ghafla, uso unawaka kama umemwagiwa pilipili, naye anaamua kwamba krimu ilikuwa ikimsaidia. Biashara yenye mteja wa namna hiyo haihitaji matangazo. Aliyezoea kuipaka kwa muda mrefu asiache kwa ubabe. Aende kwa mhudumu wa afya aelekezwe namna ya kuipunguza.

Tuziache sumu. Vitu vingi vilivyomo kwenye makopo havina ubaya. Swali ni kama vinakufaa wewe. Hapo lugha yetu ya kila siku inatuangusha kidogo, kwa sababu kila kinachopakwa tunakiita "mafuta". Mama anamwambia mtoto, "Njoo upakwe mafuta," na kilichomo mkononi mwake kinaweza kuwa losheni, gliserini, mafuta ya nazi au jeli. Neno ni moja, kazi ni tatu.

Kazi ya kwanza ni kuvuta maji na kuyashikilia, na hii ndiyo kazi ya gliserini. Ya pili ni kulainisha, yaani kujaza mianya kati ya seli kavu za juu, kama mkandikaji anavyoziba nyufa za ukuta wa udongo. Hapa ndipo penye mafuta ya mimea, yakiwemo mafuta ya shea ambayo Waacholi wa kaskazini mwa Uganda huyaita moo yaa. Ya tatu ni kufunika ili maji yasitoroke. Hapo bingwa ni jeli ya petroli, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza Marekani mwaka 1872 na ambayo hadi leo haijapata mshindani wa maana. Jeli hailishi ngozi wala haileti maji. Inafunga mlango tu. Ukiipaka kwenye ngozi iliyokauka umefungia ukavu ndani. Ukiipaka dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, umefungia maji. Kopo ni lilelile na bei ni ileile.

Wakenya wanaijua siri hii kwa njia ya zizini. Arimis ilitengenezwa iwe mafuta ya kukamulia, kwa ajili ya chuchu za ng'ombe zilizopasuka, na watu wakaipaka usoni bila kumwomba ng'ombe ruhusa. Kisayansi hawakukosea: ngozi iliyopasuka ni ngozi iliyopasuka, iwe ya nani. Tena ng'ombe ana busara moja inayotushinda. Hajawahi kuhamia bidhaa nyingine kwa sababu jirani yake amependeza.

Lakini kinachomfaa mwenye miguu iliyopauka kinaweza kumsumbua kijana wa miaka 16 ambaye paji lake la uso linang'aa kufikia saa nne asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kusoma kopo, soma uso. Nawa kwa sabuni nyepesi, usipake kitu, subiri kama saa moja. Ngozi ikivutika na kupauka, ni kavu. Iking'aa yote, ina mafuta. Iking'aa pua na paji peke yake, ni mchanganyiko, kama watu wengi tulivyo. Ikiwasha na kuuma kila ukijaribu kitu kipya, ni nyepesi kudhurika, na viambato vichache ndivyo rafiki zake.

Sabuni nayo ni kipodozi, ingawa hatuihesabu. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH ya karibu 5. Sabuni ya kipande, ileile ya kufulia, hufika 9 au 10. Anayeosha uso nayo mara tatu kwa siku kisha akanunua losheni ya kutibu ukavu anawalipa watu wawili, mmoja avunje na mwingine ajenge. Aache kwanza kumlipa mvunjaji.

Kwa chunusi, viambato vyenye ushahidi wa kutosha ni vichache: benzoili peroksaidi inayoua bakteria (na kufifisha rangi ya taulo, kwa hiyo usitumie ya mgeni), asidi ya salisiliki inayozibua vinyweleo, na adapaleni, jamaa ya vitamini A, ambayo huzuia vinyweleo kuziba. Mjamzito aiepuke hiyo ya mwisho. Dawa ya meno haimo. Ndimu nayo haimo: maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, huweza kuunguza na kuacha doa jeusi. Kwa ngozi nyeusi, mara nyingi doa ndilo linaloleta kilio kikubwa kuliko chunusi yenyewe, kwa sababu kila jeraha dogo huamsha melanini. Basi anayesugua chunusi kwa hasira ili ziishe anajiandikia madoa ya miezi.

Na juu ya yote kuna jua. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na mvuvi wa omena anayerejea ufukweni asubuhi jua likipanda hupata miale ya juu na ile inayorudishwa na maji. Melanini inatukinga sana, haitukingi kabisa. Ndugu zetu wenye ualbino hawana hata kinga hiyo, ndiyo maana Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwagawia losheni ya kukinga jua. Kwao hiyo ni dawa, pamoja na kofia pana na mikono mirefu. Kwa sisi wengine, anayetibu madoa bila kujikinga na jua anateka maji kwa pakacha. Losheni ya kipimo cha kinga (SPF) cha 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, ikipakwa ya kutosha. Zile za zinki huacha weupe, mtu akaonekana ametoka posho mill. Zilizotiwa rangi ya oksidi ya chuma hukaa vizuri zaidi kwenye ngozi nyeusi na husaidia zaidi dhidi ya madoa.

Sasa lishike kopo. Viambato huorodheshwa kwa kufuata wingi: kilichotangulia ndicho kingi, mpaka kwenye vile visivyofika asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo. Ukikuta picha kubwa ya mshubiri mbele, halafu nyuma mshubiri umeandikwa wa mwisho baada ya rangi na manukato, umenunua picha. Neno Aqua ni maji, na mara nyingi ndilo la kwanza. Jina la Kilatini halijayapandisha cheo. Neno Parfum ni mfuko uliofungwa: ndani yake mnaweza kuwa na kemikali kadhaa za harufu bila kutajwa moja moja, na ngozi ikikuwasha, huo ndio mfuko wa kwanza kuushuku. Bibi wa pwani aliyesugua liwa kwenye jiwe alijua kila kilichoingia kwenye singo ya bi harusi kwa sababu alikitia mwenyewe. Sisi tumekabidhi jiwe kwa mtu tusiyemjua. Kusoma lebo ni kumuuliza alichotia.

Kipya kijaribu peke yake. Paka kidogo ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa, kisha usoni, kisha subiri. Tabaka la juu la ngozi huchukua kama mwezi mmoja kujibadilisha, na zaidi kwa wenye umri. Anayekuahidi rangi mpya kwa siku saba hajaharakisha kalenda hiyo. Ametafuta kitu cha kuivunja.

Hata hivyo, kusoma kuna mpaka wake. Zebaki haiandikwi kwa ukarimu. Ikitajwa, hujificha nyuma ya majina kama calomel au mercurio, na mara nyingi haitajwi kabisa. Mkorogo wa kuchanganyiwa dukani hauna lebo. Mafuta ya kupimiwa kutoka kwenye ndoo yameiacha lebo kwenye ndoo, na anayenunua ya shilingi 20 hana pa kuiulizia. Huyo si mjinga. Amenunua kiasi alichokuwa nacho. Anaweza kukagua alama ya ubora ya KEBS na kutuma herufi SM, alama ya reli na namba ya kibali kwenda 20023 kuthibitisha, lakini kwanza kopo liwepo. Kwake ushauri wa maana ni mfupi: jeli isiyo na harufu, sabuni isiyo kali, kofia. Na kisichokuwa na jina la kiwanda wala orodha ya viambato kisipande usoni, kwa sababu hakitabaki usoni. Zebaki ya mama hufika kwenye taulo, na mkono wake humshika mtoto.

Katika machimbo ya Nyatike, mwenye zebaki mkononi anajua anachokishika, na jioni huonyeshwa chembe ya dhahabu kwa hatari aliyoibeba. Wa kwenye kioo hajui, na mwisho wa mwezi hana dhahabu. Akiambiwa avue pete kabla ya kujipaka, aivae tena na aliache kopo dukani.