KUTULIZA AKILI WAKATI WA MASHINDANO NA KAZI



Kila muhula huwaona wanafunzi wa namna moja. Katika mazoezi ya jioni hukimbia vizuri, na darasani hujibu maswali bila kusitasita. Lakini siku ya mashindano ya UMISSETA, au siku ya mtihani, miguu yao huwa mizito na vichwa vyao huwa vitupu. Watu husema, "Huyu aliogopa." Mimi niliye mwalimu wa michezo naona kuwa neno hilo halielezi jambo lenyewe, maana kila mtu huogopa. Yafaa tujiulize: mtu akiisha kuogopa, akili yake huielekeza wapi? Hilo ndilo nitakalolieleza katika makala haya.

Mwili hufanya nini?

Mtu akabiliwapo na jambo kubwa, tezi zilizo juu ya figo zake hutoa adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, viganja hutoka jasho na kinywa hukauka. Asidhani kuwa amepatwa na ugonjwa. Mwili wake unajitayarisha kwa kazi. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walifanya majaribio kwa panya wadogo, wakiwafundisha kuchagua njia kwa kuwapa mshtuko wa umeme walipokosea. Waliona kwamba kazi ilipokuwa ngumu, panya walijifunza upesi zaidi kwa mshtuko wa kadiri kuliko kwa mshtuko mkali. Tangu hapo wataalamu wengi wamefundisha kwamba msukumo wa kadiri huamsha akili, lakini ukizidi huivuruga, hasa katika kazi inayotaka kufikiri.

Tena iko sababu ya pili. Akili ya binadamu haiwezi kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayekokotoa hesabu huku akiwaza, "Nikishindwa baba atasema nini? Wenzangu watanicheka?" huyatolea mawazo hayo nafasi ambayo hesabu ingeitumia. Ni kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani, kisha akatwikwa na debe la maji juu yake. Nguvu zake ni zile zile, ila mzigo umezidi.

Kwa hiyo haitoshi kumwambia mtu, "Usiogope." Inampasa aipe akili yake jambo moja tu lililo mikononi mwake, nalo ni hatua inayofuata. Tuwatazame wakimbiaji watatu wa nchi yetu.

Wakimbiaji watatu

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakimbiaji wengi wa mbio hizo hupenda kukaa nyuma ya wenzao, kisha kufyatuka mwishoni. Bayi alishika uongozi tangu mwanzo. Katika mzunguko wa mwisho John Walker, mwenyeji wa nchi hiyo, alimkaribia sana, na watazamaji walikuwa watu wa kwao Walker. Bayi hakupitwa. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia iliyowekwa na Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967. Kukimbia mbele hakukuwa jambo alilolizua siku ile. Alikuwa amekwisha kulizoea. Mtu aliyeamua shauri lake mapema hana haja ya kuanza kushauriana na nafsi yake katikati ya kelele.

Lakini mara nyingine shauri huharibika njiani. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari alikimbia marathoni katika mji ulio mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Njiani alianguka, akaumia vibaya goti. Tangu hapo hakuwa tena na tumaini la medali. Alifungwa bendeji, akaendelea, mara akitembea, mara akikimbia kwa kuchechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza likianza, watazamaji wengi wakiwa wamekwisha ondoka, akamaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, na wengine walioanza naye hawakumaliza kabisa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kuanza tu, ilimtuma amalize. Jambo lililokuwa mikononi mwake lilikuwa limepungua sana, naye alilishika hilo hilo lililobaki.

Wa tatu ni Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, alikimbia marathoni ya Mashindano ya Dunia. Baada ya zaidi ya kilometa 42, Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele yake katika mita za mwisho. Simbu alizidi kukaza, wakafika utepeni karibu pamoja. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha itazamwe. Simbu alikuwa ameshinda kwa sekunde 0.03, muda mfupi kuliko kupepesa jicho, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo. Mtu anayeanza kuhesabu medali kabla ya kufika, yake au ya mwenzake, hupoteza hatua ya mwisho.

Katika kazi

Wasomaji wasidhani kuwa haya ni ya uwanjani tu. Hapa kwetu Karagwe, nenda ukamtazame karani wa mizani katika chama cha msingi wakati wa msimu wa kahawa. Magunia yamepangwa, wakulima wamesimama tangu asubuhi, kila mmoja anataka yake ipimwe kwanza, na kosa la tarakimu moja ni fedha ya mtu. Karani mzuri hafuati kelele. Hutazama mizani, hutamka kilo kwa sauti ili mwenye mali asikie, huandika, ndipo huita gunia lingine. Akifanya hivyo kwa kila gunia, hata liwe la mia, foleni haiwezi kumchanganya.

Mambo ya kujizoeza

Kwanza, amua mapema. Kabla ya mtihani jua utaanza na swali la namna gani, na kila swali utalipa dakika ngapi.

Pili, tumia pumzi. Vuta hewa polepole, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Fanya hivyo mara nne au tano. Kutoa pumzi polepole husaidia moyo kupunguza mwendo.

Tatu, uwe na neno fupi la kujirudisha. Mkimbiaji aweza kusema, "Mikono." Mwenye mtihani aweza kusema, "Soma swali." Akili itapotea tu, kazi yako ni kuirudisha, hata mara ishirini.

Nne, zoea shida kabla ya siku yake. Wapiga penalti wetu hupiga wakiwa wamechoka, wenzao wakiwazomea. Kadhalika mwanafunzi na afanye maswali ya miaka iliyopita kwa saa, bila daftari. Lisilozoewa nyumbani halipatikani ugenini.

Kwa wazazi

Sasa nawageukia wazazi wetu, kwa heshima. Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne hufanywa mwezi wa Novemba, na najua mmeuza kahawa, maharage na hata mbuzi ili watoto wasome. Lakini mzazi akimwambia mtoto usiku wa kuamkia mtihani, "Ukifeli usirudi hapa," amemtwika lile debe la maji. Mtoto ataingia chumbani akiwa na swali la karatasi na swali la nyumba ya kwao, na akili ni moja. Afadhali amwulize, "Kesho utaanzia wapi?" kisha amwache alale mapema.

Nanyi wanafunzi, msingoje Novemba. Jaribio la Ijumaa hii latosha kuanzia. Karatasi ikigeuzwa na moyo ukaanza kwenda mbio, uache uende. Toa pumzi polepole, usome swali la kwanza, ulijibu hilo. La pili lina wakati wake.