Kioo Mlangoni mwa Chumba cha Kulala

Katika majumba mapya yanayoinuka kila uchao kando ya bahari, tangu Nyali mpaka Mbezi Beach, imekuwa desturi chumba kikuu cha kulala kipewe, mahali pa dirisha, mlango mpana wa kioo uliotiwa katika fremu ya aluminiamu, wenye mabamba mawili yanayoteleza juu ya reli na kufungukia roshani. Na mwenye nyumba akiulizwa sababu ya kuuchagua, aghalabu hujibu kwamba alitaka mwangaza na mandhari. Jawabu hilo ni la haki, wala mimi, ambaye kazi yangu ni kuchora na kusimamia majengo, siwezi kumlaumu mtu apendaye kuiona bahari akiwa kitandani. Ila liko suala ambalo ni nadra kuulizwa kabla ya fremu kuingizwa ukutani, nalo ni hili: mlango huu utatufaa nini usiku? Maana chumba cha kulala, kinyume cha sebule, kazi yake kubwa ni ya wakati wa giza, na kioo ni kitu ambacho fadhila zake karibu zote ni za mchana.

Fadhila hizo zipo, wala si haba. Bamba la kioo cheupe lenye unene wa milimita 6 hupitisha karibu asilimia 88 ya nuru inayoliangukia, hata chumba kirefu, ambacho dirisha dogo lingekiacha nusu yake katika kiza, hung'aa mpaka ukuta wa nyuma bila ya taa kuwashwa. Kioo hakiliwi na mchwa, wala hakivimbi siku za masika kama ufanyavyo mlango wa mbao usiokaushwa vizuri, ukawa haufungi ila kwa kusukumwa na bega. Na kuna manufaa mengine ambayo mimi huyathamini zaidi ya yote haya, yaani ya mzee au mgonjwa ambaye kitanda kimekuwa ndio ulimwengu wake. Mtu wa hali hiyo, akiweza kuona mti, ua na wapitao barabarani, hupata sahibu mchana kutwa ambaye mlango wa mninga, hata ukinakshiwa namna gani, hauwezi kumpa.

Ama madhara, la kwanza ni hari, na hapa yafaa tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa watu wengi hudhani joto la chumba hutoka hewani tu. Mionzi ya jua hupenya kioo kwa urahisi, ikaangukia sakafu, godoro na kabati, vitu hivyo vikapata moto. Walakini joto ambalo vitu hivyo hulitoa tena ni la mionzi ya namna nyingine, ambayo kioo hakiipitishi, basi kilichoingia hakipati njia ya kurudi. Chukua mlango wenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.1, unaoelekea magharibi, saa kumi alasiri siku isiyo na mawingu. Kila mita moja ya mraba inaweza kupigwa na jua lenye nguvu ya wati 600 hivi, na kioo cha kawaida hupitisha ndani yapata asilimia 80 ya nguvu hizo; jumla yake ni karibu wati 2,000, sawa na kuiacha pasi ya umeme ikiwaka katikati ya chumba mpaka magharibi, halafu ukaingia kulala. Pazia zito la ndani halitoshi kuiondoa balaa hiyo, kwani jua limekwisha kuvuka kioo ndipo likakutana na kitambaa. Kizuizi cha kweli ni kile kinachokaa nje: chiki, ubao wa vipande vya mshazari, mti, au roshani ya orofa ya juu.

Kwa sababu hiyo upande ambao mlango unaelekea una uzito kuliko aina ya kioo chenyewe. Katika mji kama Dar es Salaam, jua la adhuhuri mwezi wa Juni huinamia kaskazini kwa kiasi cha nyuzi 30 kutoka utosini, na mwezi wa Desemba huinamia kusini kwa nyuzi zisizozidi 17. Basi mlango unaoelekea kaskazini au kusini, ukiwa na upenu wa mita 1.2 juu yake, hukaa karibu wote kivulini saa hiyo ya adhuhuri mwaka mzima. Mashariki na magharibi hali ni nyingine kabisa, kwa maana jua huko huja chini chini, likapita chini ya upenu wowote utakaoujenga. Wa mashariki una nafuu kidogo, kwani joto lake huwahi kupoa kabla ya usiku, ingawa anayependa kulala baada ya sala ya alfajiri atalalamika. Wa magharibi mimi husihi uachwe, hata kama machweo ya upande huo ni ya kupigiwa mfano.

Hebu sasa tuutazame usiku wenyewe. Wazee wetu wa Mji Mkongwe na Mombasa waliziba matundu ya vyumba vyao kwa mbao zilizopangwa kwa mshazari, na ukizichunguza utaona kwamba zilifanya kazi tatu kwa pamoja: zilipitisha upepo, zilizuia jicho, na zikifungwa kwa komeo zilizuia mkono wa mwizi. Kioo kimegeuza mambo juu chini, kwani hupitisha jicho na kuzuia upepo. Katika nchi ya baridi mgeuzo huo ni neema. Katika pwani ya hari na unyevu, ambako mwili uliolala huhitaji hewa ipite juu ya ngozi wala hauhitaji kutazama kitu, mlango wa kioo uliofungwa hukupa usichokitaka na kukunyima unachokitaka. Ukiufungua, mabamba yanayoteleza hupishana, kwa hiyo ni nusu tu ya nafasi inayopata pepo za kusi au kaskazi, na nusu hiyo ndiyo njia ya mbu pia. Kilichobaki ni kiyoyozi, na bili yake.

Mtu asidhani kwamba taabu hii ni ya maskini wa maarifa. Mwaka 1951 ilikamilika karibu na Plano, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, nyumba ambayo msanifu mashuhuri Ludwig Mies van der Rohe alimjengea daktari Edith Farnsworth, kuta zake za nje zote zikiwa kioo tangu sakafu hata dari. Wanafunzi wa fani yetu huisoma nyumba hiyo kama kito, na kwa macho ni kito kweli. Lakini mwenyewe, ambaye alifikishana na msanifu wake mahakamani kwa sababu ya gharama, aliona joto la kiangazi ndani yake na adha ya kuonekana kila atendalo, na kwa ajili ya mbu wa mtoni ikabidi baraza yake izungushiwe wavu. Peter Palumbo, aliyeinunua mwaka 1972, aliuondoa wavu kwa ajili ya uzuri wa umbo, akatia kiyoyozi. Tazama basi: wenye nyumba wawili, na kila mmoja alilazimika kuongeza kitu ambacho mchoro haukukitarajia.

Jambo la sitara ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa kuwa ndilo linalouzwa kwa maneno ya hila. Mnunuzi akisema anaogopa kuonekana, huambiwa achukue kioo cha rangi chenye kung'aa kama cha kujitazamia, ambacho aliye nje haoni ndani. Maneno hayo ni kweli kwa nusu. Kioo cha namna hiyo hakina upande wa siri na upande wa dhahiri. Humficha yule aliye mahali penye nuru kidogo asionwe na yule aliye penye nuru nyingi, basi mchana humsitiri wa ndani, na usiku, taa ikiwashwa chumbani na nje ni giza, kazi hugeuka, wa nje akaona yote na wa ndani akaona sura yake mwenyewe. Waislamu wa pwani wanajua kuwa Sura ya An-Nur imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa nyumba hutakiwa kubisha hodi kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya sala ya isha. Kati ya nyakati hizo tatu, kioo cha kung'aa kinailinda moja tu, nayo ni adhuhuri. Anayetaka kuhakiki aiwashe taa ya chumba chake baada ya isha, ashuke uani, atazame juu.

Kuvunjika nako kuna elimu yake. Kioo cha kawaida kikipasuka hutoa vipande virefu vyenye ncha, na mlango ndio mahali ambapo mtoto akimbiaye, au mtu aamkaye usiku kwenda msalani akiwa na lepe la usingizi, hukigonga kwa kifua na uso. Viko vioo vya aina mbili vinavyofaa mlangoni. Cha kwanza kimekazwa kwa moto: hupashwa zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi kikapozwa ghafula kwa hewa, ikawa nguvu yake ni mara nne au tano ya kile cha kawaida, na kikivunjika husambaratika kuwa chembe ndogo butu. Cha pili ni mabamba mawili yaliyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati; hicho kikipasuka hubaki mahali pake. Husimuliwa kuwa Mfaransa Édouard Bénédictus aliipata fikra yake mwaka 1903, chupa ya maabara ilipoanguka ikapasuka bila kutawanyika, kwa kuwa dawa iliyokaukia ndani ilikuwa imeacha ngozi iliyoshika vipande. Kwa chumba cha kulala mimi huchagua hiki cha pili, maana humchelewesha mwizi, hupunguza kelele za barabarani, na huzuia karibu mionzi yote ile inayochujua rangi za mapazia na shuka.

Namna ya kumjua fundi anayekuuzia kioo cha kawaida kwa bei ya kilichokazwa ni rahisi: kioo kilichokazwa hakikatiki tena baada ya kukazwa, huagizwa kwa kipimo kamili, basi ukimwona analichonga bamba mbele yako kwa kalamu ya almasi, umekwisha kupata jibu. Kadhalika tafuta kwenye pembe mhuri mdogo uliochorwa usiofutika, aghalabu wenye jina la kiwanda na namba ya kanuni, mathalani EN 12150.

Kuhusu milango ya kioo kati ya chumba na bafu, mtindo ulioletwa na mahoteli, nasema neno moja tu: taa ya bafuni itamwamsha asiyekwenda bafuni.

Anayejenga sasa, basi, na autie mlango huo upande wenye kivuli, mabamba yake yawe ya bawaba yafunguke yote, na nje yake awekee mlango wa pili wa mbao za mshazari wenye wavu wa mbu na komeo imara, ili usiku kioo kikae wazi na mbao zifungwe. Mpangaji, ambaye hawezi kubomoa ukuta wa mwenziwe, naye hakukosa hila: chiki nje, pazia lisilopitisha nuru ndani, utando wa plastiki wa usalama uliobandikwa juu ya bamba zima ili vipande visiruke, na alama mbili za kubandika, moja kwa kimo cha macho ya mtoto na nyingine kwa kimo cha mtu mzima. Reli aizoe mchanga mara kwa mara, kwani ndio unaokula magurudumu, na skurubu zilizoota kutu kwa chumvi ya bahari azibadilishe kwa za chuma kisichoshika kutu. Usiku alaze gongo la mbao ndani ya reli, lenye urefu sawasawa na nafasi iliyobaki, na juu ya fremu amwombe fundi atie kizuizi, kwa sababu milango mingi ya namna hii haivunjwi. Huinuliwa tu ikatolewa njiani mwake.