Ajenti, mwambie mteja kuna kuvu kabla hajalipa

Kama riziki yako ni kuonyesha watu keja, mchezo wako naujua. Niliucheza karibu mwaka mzima baada ya kuacha chuo, nikizunguka Roysambu na Zimmerman na funguo za watu mfukoni, nikirusha picha za vyumba kwa WhatsApp. Mteja akilipa dipoziti, landilodi anakutoa na kamisheni. Asipolipa, unarudi nyumbani na vumbi la viatu.

Julai moja nikapewa bedsita ya chini kabisa kwenye ploti. Rangi mbichi, nyeupe pe. Msimamizi akaninong'oneza kwamba kona ya nyuma ya kitanda huota madoa meusi, "lakini tushapaka." Mteja akaja, mama mwenye mtoto wa nasari. Akanusa, akauliza mbona kuna harufu ya unyevu. Nikamwambia, "Ni rangi tu siste, itakauka." Alilipa siku hiyohiyo.

Mwezi wa pili haujaisha, akanitumia picha. Ukuta mweusi hadi usawa wa mto wa mtoto, na mtoto mwenyewe ana pumu. Hakunitusi. Aliandika neno moja tu: "Ulijua?"

Ndiyo maana nakuandikia wewe unayefanya hiyo kazi leo. Kuvu haiondolewi na rangi, kwa sababu chakula chake ni unyevu, na unyevu una mahali unakotoka. Labda bafu la jirani wa juu linavuja. Labda maji ya ardhini yanapanda ukutani. Ama ploti zimebanana hivi kwamba dirisha linafungukia ukuta wa jirani, jua haliingii, na mvuke wa ugali na nguo zilizoanikwa ndani unabaki humohumo. Baridi ya Juni hadi Agosti ikifika Nairobi, kila mtu anafunga dirisha, na hapo kuvu inasherehekea.

Kwa hivyo usifike na mteja ukiwa hujui chumba. Tangulia. Sogeza kabati, gusa ukuta unaopakana na bafu, tazama kona za dari, uliza msimamizi kwa nini chumba kimoja tu ndicho kimepakwa rangi. Mpangaji wa mlango wa pili atakuambia zaidi ya landilodi, tena bure.

Ukiona kitu, kiseme kabla M-Pesa haijatumwa. Sema hivi: "Hapa kulikuwa na kuvu, ilitokana na bomba la juu, sijaona likitengenezwa." Usiseme "ni unyevu kidogo." Wala usijifanye daktari ukamhakikishia kwamba haina madhara. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likihusisha unyevu na kuvu za ndani ya nyumba na pumu na matatizo ya kupumua. Muulize kama kuna mtu wa kifua nyumbani, kisha umwache aamue. Akikipenda chumba hata hivyo, piga picha na umwombe landilodi aandike, hata kwa ujumbe wa simu, atatengeneza nini na lini.

Huko Rochdale, Uingereza, baba mmoja aliporipoti kuvu nyumbani kwake aliambiwa aipake rangi. Mwanawe wa miaka 2 alifariki Desemba 2020, na mchunguzi wa vifo akasema chanzo ni hiyo kuvu. Niliposoma habari hiyo nilifunga simu kwanza.

Najua utaniambia nini: landilodi atanipokonya funguo. Kweli, wengine watakupokonya. Mimi mmoja alinifokea eti namfukuzia wateja. Lakini Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa anayenunua huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo, na pesa ya kuonyeshwa chumba uliyomtoza ni huduma, si zawadi. Halafu fikiria kibiashara. Mteja uliyemwambia ukweli akakataa chumba, huyo ndiye atakutumia binamu yake wiki ijayo.

Yule mama alihama na dipoziti haikurudi. Landilodi alidai kuta zimeharibiwa na mpangaji. Nilichukua siku nne kumjibu kwamba ndiyo, nilijua. Ujumbe una tiki mbili za buluu hadi leo, na hajaandika tena.