Upofu wa Rangi na Michoro ya Kompyuta

Chukua mchoro uliotengenezwa kwa kompyuta, wenye mstari mwekundu wa mavuno ya mahindi na mstari wa kijani wa mavuno ya mtama. Pembeni pana ufunguo, yaani kisanduku kielezacho maana ya kila rangi. Wanafunzi wengi watausoma bila taabu. Lakini yumkini yumo darasani mvulana ambaye kwake mistari yote miwili ni ya rangi ya udongo, na ufunguo haumfai kitu, kwa kuwa nao watumia rangi zile zile asizoweza kuzipambanua. Akikosea jibu, atakatwa alama kwa kosa la mchoraji.

Hali hiyo huitwa upofu wa rangi, jina lenye kupotosha kidogo, maana ni nadra mtu kutoona rangi yoyote. Katika retina, utando ulio nyuma ya jicho, kuna aina tatu za seli zitambuazo rangi, ziitwazo koni. Aina moja ikikosekana au ikiwa na kasoro, baadhi ya rangi hufanana, hasa nyekundu na kijani. Jeni zihusikazo zimo katika kromosomu X. Mwanamume anayo X moja tu, hana ya akiba. Ndiyo sababu katika Ulaya ya kaskazini hali hii huwapata wanaume wapatao 8 katika kila 100, na wanawake hawafiki 1. Miongoni mwa Waafrika idadi ni ndogo zaidi, lakini shule yenye mamia ya wavulana haiwezi kudhani kuwa haina hata mmoja.

Mkemia Mwingereza John Dalton alieleza hali yake mwenyewe mbele ya chama cha wasomi cha Manchester mwaka 1794. Alidhani kuwa maji ya ndani ya macho yake yalikuwa ya buluu, akaagiza yachunguzwe atakapokufa. Alifariki mwaka 1844, na maji hayo yakaonekana safi, hayana rangi. Mwaka 1995 wataalamu walipima DNA ya mabaki ya macho hayo yaliyohifadhiwa, wakagundua kuwa alikosa koni zipokeazo mawimbi ya mwanga ya urefu wa kati.

Macho kama ya Dalton, hata hivyo, hupambanua vema ung'avu. Hapo ndipo penye dawa. Wajapani Masataka Okabe na Kei Ito, wanasayansi wenye upofu wa rangi wao wenyewe, walipendekeza rangi 8 zisizochanganyana, miongoni mwake nyeusi, buluu, manjano na rangi ya chungwa. Kwa ramani za joto au mvua, programu iitwayo Matplotlib iliacha mwaka 2017 mfuatano wa rangi za upinde wa mvua iliokuwa ikiutumia pasipo mtumiaji kuchagua, ikaweka ule uitwao viridis, uanzao na zambarau iliyokoza, ukapitia kijani hadi manjano, ung'avu ukiongezeka hatua kwa hatua. Ukinakiliwa kwa wino mweusi, mpangilio wake haupotei.

Lakini rangi bora hazitoshi, na kwa maoni yangu ufunguo mara nyingi ni mzigo usio wa lazima hata kwa mwenye macho timamu. Andika neno “mahindi” penye ncha ya mstari wa mahindi. Mstari wa mtama uwe wa vidoti. Kisha chapa karatasi moja kwa wino mweusi mtupu, umpe mwenzako asiyeujua mchoro huo ausome, kabla hujautia katika mtihani.