Gitaa Halipasuliwi Mgongo

Gitaa la umeme la tumbo nusu wazi hujulikana kwa matundu mawili ya umbo la herufi f kifuani. Chungulia ndani: kushoto na kulia ni hewa tupu, ila katikati limepita gogo la mbao kutoka shingoni hadi chini. Kampuni ya Gibson ilileta mtindo huu sokoni mwaka 1958 kwa gitaa lake ES-335. Magitaa ya tumbo wazi kabisa yalikuwa yakipiga mluzi kila sauti ya spika ilipopandishwa, kwa kuwa sauti ya spika hutikisa kifua cha gitaa, kifua kikatikisa nyuzi, nyuzi zikairudisha sauti ileile kwenye spika. Gogo hupunguza mtikisiko huo.

Huku Butembo na Beni magitaa mengi ya tumbo nusu wazi ni nakala za viwanda vya Asia, zilizopitia mpakani Kasindi kama bidhaa nyingine. Ugonjwa wa magitaa haya mkubwa ni wa nyaya: potensiomita ya sauti inakwaruza, au jeki inalegea na sauti kukatika katikati ya wimbo. Gitaa la mbao nzima fundi hulifungua kifuniko cha nyuma, akalehemu, akafunga. Hili la tumbo nusu wazi, mara nyingi, halina kifuniko. Ndipo wengine huchukua msumeno, wakakata dirisha mgongoni na kulifunika kwa kipande cha plastiki. Huo ni uharibifu, hata kama dirisha limekatwa vizuri. Mgongo ni tripleksi nyembamba, na nyaya ziliingizwa kiwandani kwa tundu la f. Zitatokea hapohapo.

Kabla ya kutoa chochote, puliza dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme ndani ya potensiomita, uizungushe mara nyingi. Mara kwa mara kazi huishia hapo. Isipoishia, toa nyuzi na vitufe, kisha funga uzi imara kwenye kila mhimili wa potensiomita, kwenye swichi na kwenye jeki, ndipo ulegeze nati. Uzi mmoja kwa kila kifaa, wa rangi yake. Weka karatasi ngumu kwenye kingo za tundu zisichubuke, vuta mkusanyiko wote nje taratibu, ulehemu mezani. Wakati wa kurudisha, kila uzi utavuta kifaa chake hadi kwenye tundu lake. Asiyefunga uzi atashinda mchana kutwa akivua potensiomita kwa waya wa kuning'inizia nguo. Kama pikapu zake ni za koili mbili, nunua potensiomita za kilo-omu 500. Za 250 huifanya sauti iwe butu.

Kichwa cha gitaa kilichovunjika hutisha zaidi ya ugumu wake. Ufa ukiwa mpya na nyuzinyuzi za mbao zingalipo, gundi ya mbao na vibano kwa siku nzima vinatosha. Msumari hapana, wala gundi ya kukauka papo hapo. Pakihitajika kiraka, mbao ya libuyu inafaa, mradi iwe imekauka kweli: mbao iliyotoka msituni juzi itasinyaa na kuachia.

Wapiga rumba wana ombi lao la pekee. Mpiga mi-composé huondoa uzi wa nne na kuweka mwembamba, unaolia oktava moja juu. Mfereji wa uzi mnene, kwenye kidaraja cha juu ya shingo, unabaki mpana mno, uzi unalia vibaya. Usiuzibe kwa karatasi. Mtengenezee kidaraja kipya cha mfupa.

Liko jambo ambalo kwalo gitaa hulaumiwa bure. Kwenye ibada zinazotumia jenereta, mwimbaji mwenye gitaa hugusa maikrofoni kwa midomo akapigwa na umeme. Nyuzi zimeunganishwa na ardhi ya amplifaya. Amplifaya ikiwa na hitilafu na soketi haina waya wa ardhi, umeme hupita kwenye nyuzi, mwilini, hadi maikrofoni. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, aliuawa na umeme jukwaani mjini Swansea mwaka 1972. Basi kabla ya kwaya kuanza, weka kipimo cha umeme kati ya nyuzi na maikrofoni. Kikionyesha volti, zima amplifaya, na mtu asishike gitaa hilo mpaka fundi wa umeme aitengeneze ardhi.